Mayai ya Mama na Monita za Chogo

Mama hapigi simu asubuhi. Kwake yeye asubuhi ni ya kazi, na simu ni ya watu walioshiba. Kwa hiyo jina lake lilipojitokeza kwenye kioo kabla sijamaliza kufungua banda langu la ufundi pale Karatu, nilijua kuna jambo.

"Nashipai," akasema. "Umeme umerudi, mashine imenyamaza."

"Imenyamaza vipi, yeyoo?"

"Imelia kidogo, ikatoa harufu, ikanyamaza. Mayai yamo ndani." Kisha akashusha sauti, ingawa kule Daa anakoishi hapakuwa na wa kumsikia isipokuwa mtu mmoja. "Na Paker ameona."

Huyo Paker ndiye aliyenifanya nifunge banda nililokuwa nalifungua.

Paker ni baba mkubwa Parmuat, kaka wa marehemu baba yangu. Jina hilo alilipata kwa kondoo. Siku mama alipoolewa Soitsambu, Parmuat alimpa kondoo jike, na kwetu Wamasai mtu akishakupa mnyama hamwitani tena kwa majina yenu. Akikupa kondoo, wewe ni Paker wake na yeye ni Paker wako. Ng'ombe naye ana jina lake. Mnaitana hivyo mpaka mmoja azikwe. Kondoo mwenyewe alikwisha kabla mimi sijazaliwa, lakini u-Paker wao haukuisha.

Baba alipofariki, ukame ukaja kumalizia ng'ombe waliobaki, na mama akahamia Daa ili awe karibu na mimi. Akakodi nyumba ndogo yenye kishamba nyuma. Nikamtafutia mashine ya kutotoleshea vifaranga, mtumba, nikaikarabati mwenyewe. Mmasai wa umri wake na kuku, hebu fikiria. Kwao kuku ni ndege tu, na ndege si mifugo. Ndugu walicheka mpaka habari zikafika Loliondo. Baba mkubwa peke yake hakucheka. Alikuja na fimbo yake na blanketi lake kumrudisha mama nyumbani.

"Mjane wa ndugu yangu hakai ugenini bila mifugo," alisema. "Watu wananiuliza nimekutupa wapi."

"Mifugo ninayo," mama akajibu, akamwonyesha lile sanduku lenye kidirisha cha kioo.

Parmuat akalitazama kama mtu aliyeonyeshwa kabati. "Gari la Loliondo linapita keshokutwa asubuhi," akasema. "Humo vikitoka vitu vinavyotembea, nitapanda peke yangu, na maneno haya sitayarudia. Visipotoka, unafunga mizigo." Mama akakubali. Mayai yalikuwa yamefikia siku zake, aliona amekwisha kushinda.

Hayo yalisemwa jana yake. Sasa gari lilikuwa la kesho, na mashine ilikuwa imekufa.

Naomba nieleweke: baba mkubwa si mtu mbaya. Ila mtu mzuri akishikilia jambo lisilofaa ni mgumu kuliko mtu mbaya, kwa sababu huwezi kumtukana. Na mama hakutaka kurudi. Aliwahi kuniambia, "Kule nitakunywa maziwa kwenye kikombe cha mwenzangu. Hapa nina mlango, na ufunguo wake naulalia." Mimi ndiye niliyemkuta akilia Soitsambu, nyuma ya nyumba, ili wenye nyumba wasimwone. Sikuwa tayari kumrudisha nyuma ya nyumba ile.

Nilizunguka madukani haraka. Kwa harufu aliyoitaja nilikisia imeungua pawa saplai, sehemu inayoilisha mashine umeme, na ya mashine ile Karatu haipo. Arusha ipo, ingefika kesho jioni, wakati mama yuko ndani ya gari anavuka Ngorongoro na godoro lake. Nikarudi bandani nikasimama mbele ya rundo langu la monita mbovu, zile za zamani zenye chogo nyuma, ambazo watu wanazitoa ofisini wakinunua za flati. Godson, dereva wa bodaboda anayeegesha mbele ya banda, analiita rundo hilo makaburini.

"Leo makaburini kuna watu wa kufufuka," nikamwambia. "Lete kamba."

Nilichukua mbili. Ya kwanza ilitoka stoo ya hoteli moja ya watalii. Ilikuwa imefunikwa kitambaa miaka yote, safi, bodi yake inang'aa kijani. Ya pili ilitoka duka la kudurufu karatasi. Hiyo ilikuwa imegeuka rangi ya chai, imebandikwa gundi ya karatasi kila pembe, maana mwenye duka aliiwasha kila alfajiri na kuizima akifunga, mpaka siku kioo kilipogoma. Niliichukua kwa sababu tu ilikuwa mbele. Godson akazifunga nyuma yangu, akalalamika kuwa nampakiza jiwe la kusagia pamoja na mwenzake, tukaondoka.

Kule Daa watu walikuwa mashambani wanang'oa maharage. Kwenye kizingiti cha mama niliona kitu kimoja tu: godoro lake, limeviringishwa na kufungwa kamba.

Baba mkubwa alikuwa amekaa nje kwenye kigoda. Nikainamisha kichwa, akanigusa utosini kama desturi.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikaitikia, halafu uvumilivu ukaniishia. "Nani amefunga godoro hili?"

"Mimi. Kesho asubuhi kutakuwa na haraka."

Nilimpita nikaingia ndani. Ningejibu, ningejibu vibaya.

Ndani, mama alikuwa amefunika mashine kwa shuka zote alizonazo na jiko la mkaa likiwa karibu. Uso wake ulikuwa mkavu. Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikatoa pawa saplai, na harufu ikaniambia nusu ya habari. Fyuzi ilikuwa nyeusi. Kapasita kubwa, lile pipa dogo linaloshika umeme wa ukutani na kuutuliza kabla haujaenda mbele, ilikuwa imepasuka kichwa. Transista iliyo jirani yake ilikuwa na ufa. Umeme ulirudi kwa kishindo, ukaua hao watatu. Waliobaki, kwa kupima na mita, walikuwa wazima.

"Inapona?" mama akauliza.

"Itapona."

Nilisema hivyo kabla sijajua. Ningemwambia nini?

Nikaifungua ile monita safi. Monita ya chogo haivamiwi, hata kama imekaa miaka bila kuchomekwa. Nina taa yenye nyaya mbili ndefu. Naigusisha kwenye miguu ya kapasita, na kama kuna umeme uliojificha, unaishia kwenye taa badala ya kifuani kwangu. Taa haikuwaka. Nikageuza bodi, nikachomeka solda, nikaanza kuyeyusha risasi mguu kwa mguu, naifyonza, natikisa kifaa taratibu mpaka kiachie chenyewe. Ukivuta kwa hasira, mguu unakatikia ndani na kifaa kimekwisha. Mimi nina hasira za kuzaliwa. Kazi hii imenifundisha kuziweka mahali pengine, si mikononi.

Kapasita ilitoka nzuri mno. Tumbo bapa, ngozi inang'aa, maandishi yote yanasomeka. Mita ikasema nzima. Nikaitoa na transista yake, nikavipandikiza kwenye bodi ya mama, nikaweka fyuzi, nikachomeka.

Feni ya mashine ikazunguka. Taa nyekundu ikawaka. Mama akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha kukawa na mlio mfupi, tap, na moshi mweupe ukapanda mbele ya pua yangu.

Hapo nilijua kosa langu, na nilijua limetoka wapi. Baba alinifundisha kuchagua mtamba kwa kutazama ngozi, na mimi nikachagua kapasita kwa ngozi. Nikaona inang'aa, nikaridhika. Lakini kapasita iliyolala stoo miaka mingi huharibikia ndani bila kuvimba. Mita yangu inaipima kwa umeme kidogo wa betri, inajibu vizuri. Ukiipa umeme wa ukutani ndipo inaanguka, na ikianguka inamwangusha na jirani yake. Nimewahi kuwaeleza wengine haya. Siku ile nilitamani kujipiga kofi.

Kivuli kikaingia mlangoni. Baba mkubwa alikuwa amesimama na fimbo yake.

"Basi, entito, binti yangu," akasema kwa upole. "Umejaribu."

Hakuna neno linaloniudhi kama hilo. Umejaribu anaambiwa mtu ambaye mzigo wake umekwisha kufungwa kamba.

"Sijamaliza kujaribu," nikamwambia. "Na wewe kama huna la kufanya, nenda kakae."

Niliona mama akishtuka. Kwetu haambiwi hivyo baba mkubwa. Yeye mwenyewe alinitazama tu, macho yake yakaingia kwenye mashine, kwenye yale mayai yaliyopangwa kimya chini ya shuka.

"Hivyo vimekwisha kufa," akasema. "Mnachosumbukia ni nini?"

Mama alifunua shuka, akachukua yai moja, akamwendea mpaka kifuani, akaliweka sikioni mwake. Parmuat alirudisha kichwa nyuma kama mtu anayekwepa nyuki. Mama akalifuata sikio. Sisi wote tukanyamaza.

Kifaranga akikaribia kutoka hulia akiwa bado ndani. Ni sauti ndogo sana, na ukiwa na haraka huisikii. Niliona uso wa mzee ukibadilika.

"Linalia," akasema.

"Ndiyo, linalia," mama akasema. "Linasikia baridi."

Yai lilikuwa bado sikioni mwake. Mtu huyu amelala porini na mbuzi aliyezaa katikati ya mvua. Amewahi kutembea kutwa nzima na ndama amembeba shingoni. Sijui alikuwa akiwaza nini, lakini najua alichosema.

"Leteni ngozi. Na mwondoe mkaa huu, unaua. Moto wa kuni, jikoni."

Huo ukawa mwanzo wa kazi yake. Walihamisha mayai kwenye beseni pana lililotandikwa ngozi ya kondoo, wakaliweka karibu na mafiga, si karibu mno. Parmuat akavua blanketi lake akalifunika. Yale yaliyokuwa yanalia akayachagua kwa sikio, akayaweka kifuani chini ya shuka lake jekundu, akaketi chini kabisa, mgongo ukutani, miguu imenyooka. Kila mara alitoa yai, akaligusisha ndani ya mkono wake, pale pale anapopima joto la mtoto wa mbuzi, akalirudisha au akaomba moto upunguzwe.

Nikaigeukia ile monita ya rangi ya chai. Nilipofungua mgongo wake, vumbi lilitoka kwa mafungu. Bodi ilikuwa imeungua kidogo pembeni, risasi imefubaa. Kapasita yake ilikuwa na madoa na maandishi yamefutika upande. Ila ilikuwa imefanya kazi kila siku, imeshika umeme wa Karatu na vituko vyake vyote, na siku monita ilipoacha kazi ni kioo kilichoacha, si yeye. Safari hii sikumwamini mtu kwa uso. Kwanza niliiwasha monita yenyewe. Kioo kikabaki giza, lakini taa yake ndogo ya mbele ikawaka na kutulia. Nikasubiri. Nikatia maji ya kunywa kikombeni, nikanywa yote, nikatazama tena. Bado imetulia. Pawa yake ilikuwa hai na vifaa vyake vilikuwa hai, nimeviona vikifanya kazi kwa macho yangu.

Nikaichomoa, nikagusisha nyaya za taa, na hapo taa ikawaka kweli kweli kisha ikafifia taratibu mpaka ikazima. Ndipo nikaanza kuchomoa.

Risasi ya zamani ni kaidi. Niliiongezea risasi mpya kidogo ili iyeyuke, nikafyonza, ikabaki, nikarudia. Transista ilikuwa imekazwa kwa skrubu kwenye bati la kupoozea, na skrubu imeshika kutu. Nikaitilia mafuta ya kupikia ya mama, nikangoja, nikajaribu, ikakataa, nikangoja tena. Mgongo uliniuma. Niliogopa, na niseme ukweli, niliogopa sana, kwa sababu nyuma ya monita hii hapakuwa na monita nyingine.

"Funga huo mlango," sauti ikatoka jikoni. "Kuna watoto huku."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikachungulia. Baba mkubwa alikuwa amekunja mikono kifuani, anamwambia mama kuni za mkono wa kushoto zina moshi, asizitumie. Mama alikuwa anamtii na anajizuia kucheka.

Skrubu ikaachia. Nikapandikiza transista, nikapandikiza kapasita, nikaweka fyuzi nyingine, nikahakikisha mara mbili upande wa hasi uko kwenye hasi. Sikuchomeka moja kwa moja. Nilipitisha umeme kwanza kwenye ile taa yangu, ili kama kuna kosa taa ibebe hasira badala ya bodi. Taa ikamulika mara moja, ikafifia. Ndiyo dalili ninayoitaka. Nikaondoa taa, nikachomeka.

Feni ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka.

"Imekubali," nikasema.

Nilitegemea watakuja mbio. Alikuja baba mkubwa peke yake, polepole, mikono kifuani kama mama mjamzito. Akaitazama mashine kwa mashaka.

"Iache kwanza. Tuone kama haitatapika moshi tena."

Tukaiacha. Jua lilisogea dirishani. Akaingiza mkono ndani ya mashine, akaugeuza, akautoa, akaingiza tena. Alipotosheka alianza kurudisha mayai yake moja moja, na la mwisho, lile alilosikilizishwa, alikawia nalo kidogo.

Sikuondoka siku ile. Niliamka kabla ya jua kwa kelele nilizodhani ni za mvua kwenye bati. Ilikuwa ni mashine. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya kidirisha, na nilipofika alinishika mkono bila kugeuka.

Si mayai yote yaliyotoa kifaranga. Yapo yaliyokaa kimya na hayakutoka kamwe, na mama aliyatenga. Lakini humo ndani mlikuwa na vurugu ya miguu na manyoya yaliyolowa, vifaranga vingine vimeshakauka na vinakanyaga wenzao vichwani. Vilikuwa vinatembea. Hilo nililiangalia kwa makini, kwa kuwa ndilo lililosemwa.

Pikipiki ikaunguruma nje. Godson alikuwa ameambiwa aje kuwachukua abiria wa gari la Loliondo.

"Ni mmoja au wawili?" akauliza. "Mshikaki wa abiria wawili sipigi leo, trafiki wapo barabarani."

Baba mkubwa alitoka chumbani akiwa amejifunga vizuri, fimbo mkononi. Alikuja mpaka kwenye kidirisha, akainama, akaanza kuvitazama vifaranga kama anavyotazama mifugo jioni ikiingia zizini, kimoja kimoja, kwa rangi.

"Yule," akasema. "Yule arus." Arus ni mnyama wa mabaka meusi na meupe. Rangi hiyo, ng'ombe akiwa nayo, wazee humsifu. "Ndiye aliyekuwa analia."

Hakuna mtu angeweza kujua kama ndiye. Mama hakubisha. Alifungua mashine, akamtoa yule kifaranga, akamweka kwenye kiganja cha mzee.

"Ni wako," akasema. "Nimekupa."

Nilidhani anatania. Kisha nikaona jinsi alivyosimama, wima, mikono imeshuka, kama mtu anayetoa mnyama mbele ya watu. Baba mkubwa naye aliona. Alijua vizuri kuliko mimi maana ya kupokea. Ukipokea, umekubali kwamba aliyekupa ana mifugo. Na mwenye mifugo ana boma.

Alimshika yule kifaranga kwa muda mrefu. Godson alianza kupiga honi, nikamwashiria anyamaze.

"Safari ni ndefu, huko njiani Ngorongoro kuna baridi," Parmuat akasema mwisho, akamrudishia mama kiganjani. "Abaki hapa kwako mpaka akue. Nitakuja kumwona."

Akatoka. Akapita pembeni ya godoro bila kulitazama, akapanda pikipiki, akaweka fimbo mapajani. Godson aliwasha moto. Ndipo mzee akageuka, na kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani akamwita mama kwa jina ambalo hakuna Mmasai aliyewahi kuitwa.

"Pakuku. Usimwache arus wangu na baridi."

"Siwezi kumwacha," mama akajibu. "Nenda salama, Pakuku."

Alisimama pale mpaka vumbi la pikipiki likatulia barabarani. Kisha akanipa kifaranga nimshike, akachuchumaa kizingitini, akaanza kufungua kamba ya godoro.